Miche ya Dirishani

Siku Bogumił, mfagizi wa jengo, alipomwona kwa mara ya kwanza yule mama wa ghorofa ya chini, yeye alikuwa akifagia theluji uani, na mama alikuwa dirishani akinyunyiza mbegu juu ya pamba iliyoloweshwa sahanini, kwa vidole vitatu, kama mtu anayetia chumvi kwenye supu. Kila Pasaka ilipokaribia ilikuwa hivyo. Miche ikichipua aliinywesha kwa kijiko cha chai, na kila asubuhi aliigeuza sahani, maana miche huinamia mwanga, naye aliitaka isimame wima kumzunguka mwanakondoo wake wa sukari, pambo la meza ya Pasaka. Akimwona Bogumił anatazama, hugonga kioo kwa pete. "Wewe, hilo jani utalifagia mpaka likuzoee?" Bogumił huhamia upande wa pili wa ua, ingawa alitamani sana kumwuliza mbegu hizo hula nini kwenye pamba tupu.

Mwaka huu aliikuta miche yote imelalia kioo. Kesho yake ikawa imelala zaidi. Alisimama mlangoni kwa mama, mkono juu, haya zimemshika, kisha akagonga, akaita, mwisho akausukuma mlango kwa bega mpaka kitasa kikang'oka. Mama alikuwa sakafuni jikoni, akipumua kwa shida. Wauguzi walipompitisha kwa machela, alimshika Bogumił mkono wa koti.

"Mlango wenyewe umeshauvunja," alisema, "sasa unaona haya gani? Ingia ugeuze sahani."