Swali la Sita

Shaa, shaa, shaa. Maharage yanapanda na kushuka kwenye ungo, kisha kikohozi kimoja kikavu, kisha bibi anakiuliza kinasa sauti kwa Kishambaa, "Haya, wewe unanisikia?" Ndivyo rekodi yake ilivyoanza. Mpaka leo naisikia vilevile.

Kazi ile niliipata kwenye steshenari ya Lushoto nilikokuwa natoa fotokopi. Dada mmoja kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili ya habari na teknolojia ya kidijitali, alileta fomu zake akauliza nani anajua Kishambaa vizuri. Nikanyoosha mkono kama niko darasani, ingawa darasa lenyewe niliishia kidato cha nne na matokeo siyataji. Alikuwa anakusanya sauti za mabibi wanaojua mbegu za zamani ili aziweke mtandaoni, mtu yeyote azisikilize. Mimi moyoni nilishajiona chuoni, nimekaa mbele, na begi la kompyuta.

Kabla ya kurekodi, kila bibi aliulizwa maswali saba ya ridhaa. Dada anasoma kwa Kiswahili, mimi natafsiri, bibi anajibu, dada anatia alama. La sita lilisema: Je, unakubali sauti yako iendelee kusikilizwa baada ya wewe kufariki?

Kwa bibi wa kwanza, kule Lukozi, nilifungua mdomo nikaufunga. Kwetu mtoto aliyetoka kukupa shikamoo hakuulizi habari za kufa kwako, tena mbele ya mgeni, tena viazi vyako bado viko mdomoni mwake. Basi nikamuuliza kama tunaweza kurudi siku nyingine kumsalimia. "Ee, karibuni sana," akasema, akaitikia kwa kichwa. Dada akatia alama kwenye ndiyo.

Nikafanya hivyohivyo kwa wote tisa. Dada akawa anashangaa. "Bibi zenu wana moyo. Hili swali ndilo wanalolifurahia kuliko yote."

Bibi wa ungo alikuwa wa tisa. Dada alinitumia rekodi yake kwenye simu nimtafsirie, nikamaliza kutafsiri na bado nikawa naisikiliza nikipanga karatasi, hasa pale anapowasema watu wanaonunua mbegu kila msimu kama wananunua chumvi, halafu anacheka peke yake.

Miezi ikapita. Nikasikia bibi yule amelazwa Bumbuli, kisha amerudishwa nyumbani, hali si nzuri. Nikamwandikia dada. Akajibu: Pole jamani. Afadhali ridhaa yake tunayo.

Niliusoma ujumbe ule mara mbili, nikampigia.

"Dada, lile swali la sita sikuliuliza."

"Lipi?"

"La kufa. Niliuliza kama tunaweza kurudi kuwasalimia."

"Huyo bibi mgonjwa?"

"Wote."

Nilisubiri anifokee. Akashusha pumzi tu. "Mdogo wangu, kazi naikabidhi wiki ijayo. Nenda kawaulize. Anza na mgonjwa, kabla hatujachelewa. Akikataa, nafuta."

Kesho yake asubuhi nikapanda bodaboda. Nilimkuta bibi juani, juu ya mkeka, amejifunika blanketi, na mkwewe anamenya ndizi pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia kama ulivyosema."

Hapo nusura nigeuke. Nikakaa, nikauliza lile swali huku natazama viatu vyangu. Bibi akacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe ndilo hilo? Siku ile nilikuona unameza mate kama kuku anayekunywa maji. Mimi nyimbo za mazishi yangu nimeshachagua, wewe unaona aibu."

Kisha akafikiri, kidole kikifuata ukindu wa mkeka.

"Hapana," akasema. "Nikilala, nilale. Mbegu nimempa huyu, ziko kibuyuni, anayetaka aje achukue. Sauti naondoka nayo."

"Jamani mama," mkwe akasema, "na wajukuu watakusikia wapi?"

"Watanisikia leo. Niko hapa."

Nikala ndizi, nikaaga. Njiani nikamwandikia dada kwamba amekataa. Baada ya muda akajibu: Sawa. Nimeifuta. Wale wanane lini?

Nikaandika: Kesho naanza.

Nilishuka kwa miguu mpaka kwenye matuta ya kabichi, nikakaa kwenye jiwe. Rekodi ile bado ilikuwa kwenye simu yangu. Dada alikuwa ameisahau, na hakuna ambaye angekuja kuniuliza. Sikuifungua. Nikabonyeza pa kufutia, na simu ikauliza kama nina uhakika.

"Ndiyo," nikasema kwa sauti, kwenye kabichi za watu, nikabonyeza tena.