Wimbo wa Mama Lan kwenye Gogo la Papa Lokwa

Mwanangu, kuishi kwingi ni kuona mengi, na mimi nimeona hadi macho yamechoka. Lakini kuna jioni moja isiyonitoka, ya miaka ile baada ya uhuru, kabla uasi haujafika Kisangani. Nilikuwa nimeolewa karibuni, naishi kwa Papa Lokwa, baba wa mume wangu, Mlokele, mtu wa mto Kongo kutoka Yanonge, aliyejua kupiga ngoma ya gogo, ile inayosema maneno hadi ng'ambo ya mto. Jirani yetu alikuwa Mama Lan, Mvietnamu. Mumewe, askari wa zamani wa Wafaransa kutoka upande wa Bangui, alimwoa alipokuwa vitani huko Vietnam, akaja naye hapa kuuza vitambaa.

Jioni Mama Lan alitusimulia hadithi za kwao. Moja ilikuwa ya kijana mwenye mti wa dawa. Mkewe aliumwagilia maji machafu, mti ukang'oka ukapaa, kijana akang'ang'ania mzizi, na mpaka leo yuko mwezini anatazama kijiji chao. "Mimi pia niko kule na yeye," alisema. Tulicheka. Siku hizi sicheki.

Kisha alimbembeleza mwanawe kwa wimbo wa lugha yake, sauti ikipanda na kushuka kama maneno ya ngoma ya gogo. Papa Lokwa alikuwa akiifuata taratibu kwa fimbo zake juu ya gogo. Jioni hiyo nikamwambia, kwa kiburi cha msichana aliyesoma kwa masista: "Papa, ile haiko luga, iko kelele ya ndege tu. Unapoteza wakati."

Akaweka fimbo chini. "Hata ngoma yetu, wazungu walisema iko kelele. Alors, weye sasa iko muzungu?"

Masikio yaliniwaka moto. Yeye akamgeukia Mama Lan, akamuuliza wimbo unasema nini. Akajibu kwamba unasema: lala mtoto, usitoke, maji yangali makubwa.

Uasi ukafika. Vijana wenye bunduki wakasaka kila mwenye sura ya kigeni, na waliowachukua hatukuwaona tena. Mume wa Mama Lan alikuwa safarini, njia zimefungwa. Tukamficha Mama Lan na mtoto kisiwani kwa wavuvi, ndugu zetu. Chakula kilipokwisha, tukapatana waje alfajiri ya soko katika mtumbwi wa wanawake wa samaki. Lakini ulimi hauna mfupa, mtu akaitoa siri. Alfajiri hiyo vijana walikuwa wamekaa ufukweni, mbele ya nyumba yetu, wanawangoja. Ukungu ukaanza kufunguka, nikauona mtumbwi. 

Kupiga ngoma kwa Kilokele, lugha yetu, kusingefaa. Nusu ya vijana wale walikuwa watoto wa mto, wangeelewa kila neno. Papa Lokwa akakaa mbele ya gogo lake, akapiga ule wimbo wa Mama Lan.

"Muzee, unasema nini?" mmoja akauliza, bunduki mkononi.

"Niko nalalisha mutoto."

"Ah! Ngoma yako ilishalewa!" Wakacheka sana.

Mtumbwi ukasimama katikati ya maji. Kisha ukageuka, ukarudi kwenye ukungu. Vijana wakadhani wanawake wameogopa bunduki. Mimi niliingia ndani nikalia.

Vita vilipotulia, mumewe alikuja kuwachukua. Mama Lan alishika mikono ya Papa Lokwa.

Mzee alikufa, mwanangu, na mimi sikujifunza ngoma yake. Kusikia nilisikia, kupiga sikujua. Gogo lile liko jikoni, wajukuu wanalikalia wakimenya mihogo. Nimechoka kuwaambia kwamba hicho si kiti.

Basi wewe nisikilize. Mwacha mila ni mtumwa, jifunze lugha ya mama yako ningali hai kukufundisha. Na ya mgeni usiicheke, hata kama hujui itakufaa nini, akiba haiozi. Mungu akupe sikio la Papa Lokwa. Na siku utakapokuwa mbali na kwenu, hatari ikikungoja ufukweni, akuwekee mtu mmoja anayeujua wimbo wa mama yako. Amina.