Manyoya Meupe Kwenye Kiota

Kwa miaka kumi na tisa dada yangu amekuwa akiosha na kuchana mbwa wa watu katika kliniki ya daktari wa mifugo. Jioni hurudi na mfuko wa manyoya yaliyobaki kwenye kitana, na kuyatundika dirishani ili shomoro wajengee viota. "Nao wana watoto," husema.

Msimu huu makinda walikufa. Watano, kisha wanne. Dada akamshuku jirani yetu wa ukuta mmoja, tunayemwita Mama Paka.

"Paka wako ana mkono mrefu, jirani."

"Huyu mvivu? Hata panya anawaamkia!"

"Basi ni wewe na sumu yako ya panya."

Mama Paka alifunga mlango. Wawili hawa walikuwa wakiazimana chumvi tangu mama yetu akiwa hai. Sasa dada alikwenda kumshtaki kwa mwenye nyumba, naye akaamuru: paka aondoke kabla ya Jumapili.

Mimi si msemaji, ila jambo lilinikereketa. Paka akikamata kinda humla. Hawa walikutwa wamekufa miili ikiwa mizima, bila tone la damu. Nikaegemeza ngazi, nikateremsha kiota. Ndani kilitandikwa manyoya meupe, nayo yalinuka dawa. Harufu ile naijua. Dada hurudi nayo kwenye nguo.

"Dada, yule mbwa mweupe unayemchana kliniki mnampaka nini?"

"Dawa ya viroboto, shingoni, kila mwezi." Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Mama Paka amekutuma?"

"Dawa inayoua kiroboto, kinda ailalie usiku na mchana..."

"Kwa hiyo muuaji ni mimi?"

Nilimsogezea kiota. Alikinusa, kisha akainusa nguo yake ya kazi.

Kesho yake alimuuliza daktari. Daktari hakutaka kuapa, lakini alisema manyoya ya mbwa aliyepakwa dawa yasiachiwe ndege, wala maji ya kumwoshea yasifike mtoni.

"Miaka yote nayamwaga kwenye mfereji uendao mtoni, na daktari ananiona," dada aliniambia. "Leo ndiyo anasema."

Jumamosi aliuteremsha mfuko dirishani, akabisha hodi kwa jirani. Mlango ulifunguka upenyo tu.

"Umekuja kuhakikisha paka kaondoka?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa paka au kwangu?"

"Nianze na nani?"

Mama Paka alimtazama juu hadi chini, hakucheka.

"Ngoja nivae viatu. Tunakwenda kwa mwenye nyumba. Utayasema hayo hayo mbele yake, nikisikia."