Fakhria na Kisima cha Zizini

Fakhria binti Hilali nilimjua tangu akipima chumvi dukani kwa baba yake, Tabora mjini. Kwa hiyo mwaka 1975, aliposhuka kwenye Landrova kijijini kwetu, upande wa Ntalikwa, na sanduku la vichupa, nilimcheka waziwazi.

"Umesoma kote huko uje kuchota maji?"

"Shikamoo, Bi Tatu. Ndiyo shule yenyewe."

Alikuwa anasomea shahada ya pili, mambo ya naitrojeni, ile iliyomo kwenye samadi na mbolea. Lakini chuoni kwao kupima tu hakukutosha. Sharti uwafikishie viongozi ulichokipima, kwa maneno wanayoyaelewa, mpaka wakate shauri. Ukishindwa, shahada huna. Nikamwambia haya, mwanangu, kazi unayo.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na kwa habari ya kuchemsha maji sikuwa na mchezo. Nilipita nyumba kwa nyumba nikifunua masufuria. Ole wake aliyeipua mapema! Mwanafunzi wangu hodari alikuwa Apolinaria. Maziwa yalimkauka, akawa anamkorogea mwanawe Masele, wa miezi miwili, maziwa ya unga kwa maji hayo ya kuchemsha. Midomo ya mtoto ikaanza kuwa bluu, akawa anahema kwa shida. Watu wakanong'ona kalogwa. Mimi nikamwambia mama yake azidi kuchemsha.

Fakhria alipomwona mtoto hakuuliza habari za wachawi. Aliuliza kisima chetu kilichimbwa wapi.

Tulikichimba palipokuwa zizi la mzee Mahona kabla hatujahamishiwa kijijini. Udongo laini, maji karibu. Siku nne tu tukamaliza, tukatamba kweli. Nani kwetu asiyejua kwamba penye zizi la zamani ndipo mahindi yanapokubali? Hatukuwaza kwamba hicho kinachoyastawisha mahindi, naitrojeni ya samadi, kimeshuka mpaka majini.

Fakhria akayapima maji, akanijia uso umemshuka. "Bi Tatu, naitrojeni imejaa humo, ndiyo inayomnyima mtoto pumzi, nayo haifi motoni kama vijidudu. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Ukizidi kuchemsha, inazidi kukolea."

Nikakimbilia kwa Apolinaria, nikaipua sufuria yake. Masele akapelekwa hospitali kwa Landrova ileile.

Siku ya tatu akaja bwana mkubwa wa wilaya kukifungua kisima rasmi. Fakhria akasimama na karatasi yake: kisima kiwe cha bustani tu, na kusichimbwe kingine penye zizi la zamani, wilaya nzima. Bwana mkubwa akatabasamu. "Binti, si mmefundishwa kuchemsha? Hofu ya nini?"

Fakhria akainama. Jibu alikuwa nalo, shahada yake inaning'inia hapo, lakini hakutaka kuniaibisha mbele ya watu. Lo, mtoto wa Hilali! Nikasimama mwenyewe.

"Aliyewafundisha ni mimi. Nilivyosisitiza kuchemsha ndivyo nilivyomzidishia mtoto ugonjwa. Hivi sasa yuko hospitali, hatujui kama atarudi. Andika hivyo, mheshimiwa."

Aliandika. Kisima kilifungwa kwa maji ya kunywa wiki ileile, na shahada Fakhria akaipata.

Masele alirudi baada ya siku kumi na moja. Asubuhi yake Apolinaria alikuja kwangu, mtoto mgongoni, ndoo ya maji ya kisima kipya, tulichokichimba mbali na mazizi, kichwani.

"Shikamoo, mwalimu. Haya nayo niyachemshe?"

Baada ya yote yale, bado aliniuliza mimi. Nililia palepale mlangoni.

"Chemsha, mwanangu. Yakitokota tu, ipua."