Hodi ya nne

Kwenye benchi la zahanati huko Mtopanga, mzee aliyestaafu kazi ya rada uwanja wa ndege alikuwa akimweleza mama mmoja wa buibui jinsi mtambo ule unavyofanya kazi.

"Unatuma wimbi angani. Likigonga ndege, linarudi."

"Kama kupiga hodi ukaitikiwa."

"Naam, dada yangu. Usipoitikiwa, unapiga tena. Hauchoki."

Mama akaitazama simu yake. "Mwanangu tumekosana. Leo nimempigia mara tatu, hapokei, nikaacha. Hodi ni tatu, kisha mtu hurudi zake."

Waliobuni rada walikuwa wakisaka ndege za adui, si watoto walionuna. Lakini mama yule alipoitwa na muuguzi, aliinua kidole kuomba subira. Simu ilikuwa sikioni.