Biwi la Mama Kule Kiromo

Enzi zetu, wenzangu, takataka za shamba zilikuwa mchezo. Sisi tuliokulia Kiromo, nje kidogo ya Bagamoyo, tulikuwa tukitoka chuo cha Kurani tunavua kobazi na kukimbilia shambani kugombania mabua ya mahindi.

Hayo yalianza mwaka ambao shamba letu lilitutupa. Udongo wake ulikuwa kichanga kilichochoka, na mahindi yakatoka ya manjano, magunzi yake madogo kama kidole gumba. Jioni moja tukila muhogo wa nazi, Baba akasema, "Ardhi hii imekufa. Tutahamia Msata kwa baba yenu mdogo, huko pori bado lipo."

Mimi na dada yangu Mwanaidi tukaacha kutafuna. Msata hakuna bahari, wala rafiki zetu hawapo. Mama hakubishana. Alimwongezea Baba mchuzi, kisha akasema kwa upole, "Baba Mwanaidi, ardhi haijafa, ina njaa. Tunaila tu, hatuilishi. Nipe masika haya, nikishindwa tutahama."

Baba akakubali, shingo upande.

Basi Mama akaanza biwi lake, lundo la takataka za kuozesha, kama walivyofanya kwao Ubena. Alitandaza mabua yaliyokatwakatwa, akaweka majani mabichi ya kunde, samadi ya mbuzi na udongo kidogo, akanyunyiza maji, kisha akaanza tabaka jingine. Watoto wa mtaa mzima walileta maganda ya karanga, pumba na majani ya migomba, kila mmoja akitaka yake yawekwe juu. Katikati Mama alichomeka kijiti cha kupimia joto. Tukikichomoa kilikuwa cha moto, na asubuhi biwi lilifuka mvuke kama sufuria ya uji.

Mwanaidi akafukia yai humo ili liive. Liliiva nusu, likanuka mbolea, naye akalila hivyo hivyo huku akiapa kuwa ni tamu. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Mtoto huyu ataota mizizi," alisema.

Baba alikuwa akilipita biwi kama halipo. Lakini siku moja tulimkuta peke yake akiligeuza biwi kwa jembe. Akatuambia anatafuta panga lake.

Mvua zilipokaribia, biwi lilikuwa mboji nyeusi, laini, isiyonuka tena. Tukaitia kwenye kila shimo la mbegu. Masika yalipokolea, mahindi yalikuwa ya kijani kizito, na Baba akiingia shambani tuliona kofia yake tu ikielea juu ya majani. Siku tulipochoma mahindi ya kwanza, Mama alimuuliza, "Baba Mwanaidi, tufunge mizigo?"

Baba akamaliza hindi lake bila haraka. "Ya mahindi, ndiyo," akajibu. Tulishangilia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna harusi gani.

Siku hizi vijana wetu wakivuna wanawasha kiberiti. Mabua yanateketea, wao wanajipiga picha na moshi, kisha wanakwenda dukani kununua mbolea. Siwalaumu sana, biwi linataka subira, na wao hata chai wanaona inachelewa kuchemka. Ila wanangu wakiona udongo mikononi wanaulizia sabuni. Sisi tulikuwa tunarudi nyumbani weusi hadi viwikoni, tunacheka, na jua lilikuwa linazama kabla hatujakumbuka kunawa.