Kidole cha sita cha mtoto wangu kilivyotaka kunivunjia nyumba

Wakuu, poleni na mihangaiko ya siku.

Mimi humu ni msomaji tu. Nacheka na nyinyi, nasikitika na nyinyi, halafu natoka bila kuacha alama. Leo nimeamua kuandika. Majina nimebadilisha kwa sababu mume wangu pia huingia humu, lakini mengine yote ni kama yalivyotokea, hata pale ninapoonekana mjinga.

Kwanza tujuane. Nimezaliwa na kulelewa Eastlands, wazazi wangu bado wako mtaa wa Tena. Kabla sijajifungua nilikuwa keshia kwenye bucha moja pale soko la Burma. Mume wangu nitamwita Mutua, Mkamba, dereva wa lori la duka la jumla. Baba yake alikuwa mchonga vinyago na alifariki kabla sijaolewa. Huyo mzee mkumbukeni, tutamrudia.

Mtoto wetu wa kwanza akaja, mvulana. Nesi aliyempokea alimfuta, akamkagua, akaniambia ana kidole cha ziada mkono wa kushoto. Akasema nisihofu, wanawaona watoto kama hao mara nyingi.

Kilikuwa kimekaa pembeni ya kidole chake cha mwisho, kidogo kama punje ya mahindi, kimening'inia kwa kijinyama chembamba. Kilikuwa hata na kijikucha. Niseme tu ukweli, mimi nilikiona kinapendeza.

Mutua aliuliza kama kinamuuma mtoto. Akaambiwa hapana. Akatabasamu, akambeba, tukaenda nyumbani.

Jina lilikuwa tayari. Kwa Wakamba, mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, na babu huyo alikuwa Kioko. Mutua alianza kuliita tumbo langu Kioko kabla hata halijaonekana vizuri. Akirudi jioni, salamu ya kwanza ni ya Kioko, yangu inafuata.

Basi akaja wifi yangu Mwende kumwona mtoto. Alikuja vizuri, na uji kwenye thamosi na supu ya mifupa. Akasema mimi nipumzike, yeye atamwogesha.

Nilikuwa nimelala kitandani nikisikia maji kwenye beseni. Maji yakanyamaza.

"Hii kidole imetoka wapi?" akauliza. "Kwetu hakuna mtu wa vidole sita."

Nikamwambia maneno ya nesi. Akaendelea kumwosha, polepole. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, yule boss wangu wa bucha huwa anaitwa nani vile.

Wakuu, nikaelewa anakoelekea.

Boss wangu ana kidole cha sita. Si kijinyama, ni kidole kamili, mkono wa kulia, kina mifupa na kinajikunja. Burma nzima inamwita Vidole na yeye anaitika bila kinyongo. Nimefanya naye kazi miaka na sijawahi hata kunywa naye chai nikiwa nimekaa. Mwende alikuwa mteja wetu wa mifupa. Alimjua vizuri sana.

Sijui alimwambia kaka yake nini. Najua tu kwamba jioni ile Mutua aliingia na hakusalimia Kioko.

Aliosha mikono, akala, akatazama taarifa ya habari mpaka ikaisha. Halafu akasema, "Nikuulize kitu na usikasirike. Vidole alikuwa boss wako tu?"

Nikamjibu ni boss wangu tu. Akasema sawa. Wanawake mlioko humu mnaijua hiyo sawa.

Kesho yake nilipomuuliza kuhusu kumwandikisha mtoto, akasema jina tungoje kwanza.

Wanaume mnaweza kuona hilo ni jambo dogo. Kila jirani anayeingia anauliza mnamwita nani, unasema bado. Wa pili anauliza, unasema bado. Plot yetu ya vyumba vya kupanga hainyimwi habari, na baada ya muda hawakuuliza tena. Wakaanza kuniita Mama Mtoto. Nikienda kuanika nguo, mazungumzo yanabadilika nikifika.

Usingizi uliisha. Maziwa yakaanza kupungua. Nilikuwa nakitazama kile kidole, na kitu nilichokipenda siku ya kwanza nikaanza kukichukia, halafu nikajichukia mimi kwa kukichukia.

Ndipo mama mkwe akapiga simu kutoka Ukambani. Akanipongeza, akauliza kama nanyonyesha vizuri, akaombea nyumba. Halafu akashusha sauti.

"Na mikono yake iko sawa?"

Hakuuliza uzito. Hakuuliza mtoto anafanana na nani. Mikono. Kabla sijapata jibu, simu ikakatika, na hakupiga tena. Alituma tu ujumbe kupitia Mutua kwamba anakuja.

Nikajua Mwende ameshapeleka habari kijijini, na mama anakuja kuhakikisha kwa macho yake kabla ya kunitoa. Nilianza kuzipanga nguo za mtoto kichwani, zipi nitabeba, zipi nitaacha.

Mutua akataja DNA. Nikamwambia twende hata kesho. Msinielewe vibaya, majibu sikuyaogopa. Niliogopa kwamba hata yakitoka mazuri, nitabaki kuwa mwanamke aliyepimiwa mtoto, na kila tukikosana tutarudi pale.

Siku ya chanjo nilikwenda kliniki peke yangu. Mutua alisema ana safari. Daktari aliyetuona alikuwa mama wa makamo, mpole, na alipokishika kile kidole tu nikaanza kulia. Akafunga mlango.

Akanieleza hivi, na nitajaribu kuweka kama nilivyoelewa. Mtoto hupokea jeni zikiwa jozi, moja ya mama na moja ya baba. Kwa mambo mengine, lazima uipate kutoka pande zote mbili ndipo kitu kionekane. Kwa kidole kama hiki, mara nyingi moja tu inatosha, kutoka kwa mzazi yeyote. Na mwenye nayo, kila mtoto anayemzaa ni kama kurusha sarafu, anaweza kuipata au asiipate.

Akaongeza kwamba jeni hiyo hiyo haijitokezi sawa kwa kila mtu. Mmoja anapata kidole kamili, mwingine kijinyama, na mwingine anaibeba maisha yake yote mikono ikiwa laini kabisa. Tena mara nyingine inaanza upya kwa mtoto bila kutoka kwa yeyote. Akanishauri niangalie pande zote mbili za familia. Na akanionya nisikubali mtu akifunge uzi nyumbani, kinaweza kuoza au kutoka damu. Hospitali wanakitoa vizuri.

Upande wa Mutua walishasema hakuna. Kwa hiyo tumaini langu likawa kwa watu wetu.

Nikaenda Tena siku ambayo nilijua wote watakuwepo. Wakuu, sijawahi kutazama mikono ya watu wakila ugali namna ile. Nilimtazama baba, mama, ndugu zangu, shangazi aliyepita tu kusalimia. Nilikuwa naomba Mungu nione hata kovu. Baba aliacha kula akaniuliza kama mboga ina kasoro.

Mikono misafi, yote. Sijawahi kuhuzunika kwa kuona familia yangu haina kasoro.

Nilirudi nyumbani nimekwisha. Kama haikutoka kwetu na haikutoka kwao, nani angenisikiliza nikieleza habari za kitu kinachoweza kuanza chenyewe?

Mama mkwe alifika Jumamosi na kikapu cha maembe na kuku hai. Mwende alikuwa ameshakaa. Mutua alikuwa karibu na mlango, kama mgeni kwenye nyumba yake. Niliweka chai mezani.

Mama hakugusa chai. Akaomba mtoto.

Nikampa. Hakumtazama usoni. Alimfungua shuka, akashika mkono wa kulia, akaupapasa ukingoni kwa kidole gumba. Akaenda wa kushoto. Alipofika kwenye kile kidole, akasimama.

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Nilikuwa nangoja neno lake tu.

Akatoa leso kifuani, akaifungua fundo. Ndani kulikuwa na uzi mweusi wa kushonea, umekunjwa vizuri.

"Nilijua kiko," akasema. "Sijui kwa nini mkono huu mwingine kimekosa. Mutua alikuwa navyo viwili."

Mwende akaweka kikombe chini.

Mutua akauliza, "Vipi, mama?"

"Lete mikono yako."

Akasogea, mwanamume mzima, akapiga magoti mbele ya mama yake. Mama akamgeuza viganja. Pembeni ya kila kidole cha mwisho cha mume wangu kuna kinundu kidogo, kigumu kidogo. Nimeshika mikono hiyo miaka. Yeye husema ni chunjua za utotoni ambazo hazikukua, na mimi nilikuwa nikizichezea nikisubiri usingizi.

"Nilikufunga uzi huku na huku," mama akasema. "Vikakauka, vikaanguka. Hata kitovu kilikuwa hakijapona vizuri."

Mwende akasema kwamba yeye hana. Akajitazama mikono, akaitazama tena. Mama akamwambia yeye alizaliwa bila, ndiyo maana hakuwahi kujua.

Halafu akasema la baba yao. Kumbe yule mzee mchonga vinyago, Kioko mwenyewe, alizaliwa na kidole kikubwa, chenye kucha. Kilimsumbua kushika tezo akichonga, kikakatwa hospitalini akiwa kijana. Watu wakiulizia lile kovu, alisema tezo iliteleza. Nani angebisha? Wachongaji wote wana makovu. Watoto wake walikua wakijua baba aliumizwa na kazi.

Nikamuuliza mama kwa nini hakusema. Niliuliza kwa adabu, lakini ndani nilikuwa nawaka.

Akasema mama mkwe wake alimfundisha hivyo. Kidole kikishafungwa hakitajwi tena, kwa sababu ukikitaja kitarudi kwa mtoto anayefuata. Na kuhusu Vidole wa Burma, hakuwa amesikia lolote. Mwende hakuwa amempigia. Aliuliza mikono kwa sababu alikuwa akikingoja.

Wiki zote zile nilikuwa namwogopa mtu pekee aliyekuwa na jibu, na yeye alikuwa amelifunga kwenye leso.

Alipoanza kuunyoosha ule uzi, nilimshika mkono. Nikamwambia, "Mama, naomba huyu tumpeleke hospitali." Nilidhani atakasirika. Alinitazama, akaukunja uzi, akaurudisha.

Mutua alikuwa bado amepiga magoti. Akamchukua mtoto, akaweka kile kiganja kidogo juu ya chake, kinundu chake na kidole cha mwanawe vikakaa pamoja. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Kioko," akamwita.

Na mimi nikalia, lakini si kwa furaha peke yake. Nilikuwa na hasira. Kama mama angechelewa kuja, au angekuwa ameshafariki kama mzee, mimi leo ningekuwa kwa wazazi wangu Tena na mtoto asiye na jina, bila kosa lolote. Mutua aliniomba msamaha siku ile na ameomba mara nyingi baadaye. Nimemsamehe, ila kuna siku hasira inarudi nikiwa naosha vyombo, na simfichi. Mwende pia alikuja. Kwake bado niko njiani.

Tuliporudi kliniki, safari hii wote watatu, Mutua alimuuliza daktari inakuwaje kidole kinafungwa na kukatwa halafu kinarudi kwa mtoto, na daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza, mama zetu na nyanya zetu wametoboa masikio vizazi vyote hivyo, umewahi kuona msichana amezaliwa na matundu? Mutua akacheka kwa mara ya kwanza tangu Mwende aogeshe mtoto. Unaweza kukata kidole, kukifunga, kukisingizia tezo. Ulichokata ni cha mwili wako tu, jeni yenyewe haijui kama kuna uzi wala kisu. Inangoja mtoto.

Hilo ndilo somo langu, wakuu. Kwenye familia zetu tunaficha vitu tukidhani tumevimaliza, halafu anayekuja kulipia ni msichana wa watu aliyeolewa juzi. Waambieni wake zenu na waume zenu mlizaliwa na nini.

Kidole cha Kioko kilitolewa hospitalini na amepona, kimebaki kinundu kama cha baba yake. Kabla hakijatolewa nilipiga picha, mkono wa mtoto juu ya mkono wa baba. Mama mkwe alitaka niifute. Nilikataa. Siku Kioko atakapoleta mchumba nyumbani, mchumba huyo ataiona picha hiyo kabla hajaonja chai yangu.

Sasa niambieni na nyinyi, bila matusi tafadhali, mtoto wa watu anasoma.

Lakini kabla hujaandika, hebu pitisha kidole gumba pembeni ya kidole chako cha mwisho, mkono huu na ule. Ukikuta kinundu, mpigie mama yako simu kwanza. Sisi tutakungoja hapa.